Herufi za Upande Mmoja

Ewart Pybus alikuwa hajashika mkonga wa simu kwa miaka minane. Simu ilikuwapo nyumbani kwake Port Hallam, ukutani kando ya mlango wa jikoni, lakini ilikuwa mali ya mkewe, Merle. Ikilia, yeye hakuisikia. Kelele za mashine ya nne ya kiwanda cha karatasi zilikuwa zimemla masikio yote mawili: kwanza zilipotea sauti za ndege, kisha za watoto, mwisho hata yake mwenyewe. Aliongea vizuri tu kama zamani, ila kwa kupayuka, na wauzaji wa dukani walirudi nyuma kidogo kila alipoomba mkate.

Kwa habari ya masikio hayo, Ewart alikuwa na mtu wake wa kumlaumu. Huyo ni Clarrie Targett, msimamizi wa zamu.

"Vifuniko vya masikio ni vya kina mama!" Clarrie alikuwa akiwafokea. "Ukivaa hayo madude, nitakuitaje mtambo ukikuvuta mkono?"

Vijana wa zamu walicheka, wakavitupa vifuniko makabatini. Ewart naye alicheka. Siku daktari alipomwambia kwamba hakuna cha kurudisha, aliapa kuwa hatazungumza na Clarrie Targett mpaka mmoja wao azikwe. Akimwona barabarani, alivuka upande wa pili. Mwishowe Clarrie alistaafu, akahama mji, na Ewart akashukuru.

Kompyuta ililetwa na binti yao Rhonda, mwalimu katika mji wa Launceston, Krismasi moja. Ilikuwa yake ya zamani, imejaa vumbi, na kando yake kulikuwa na kisanduku cheusi chenye taa nyekundu. Rhonda alimgeukia baba yake ili amsome midomo.

"Baba, simu umeisusa kwa sababu ya masikio. Hii haitaki masikio. Inataka macho."

Akamwonyesha. Unafungua programu, unachagua namba, unabonyeza, unangoja. Kisanduku kinapiga simu chenyewe, kinapigiana kelele na kisanduku cha upande wa pili, halafu maandishi yanaanza kuteremka kwenye skrini, mstari baada ya mstari, kwa mwendo wa mtu anayesoma. Ewart aliweka kiganja juu ya kisanduku akasikia kikitetemeka. Zile kelele, Merle ndiye aliyezisikia.

"Kama paka amefungiwa kwenye ndoo!" alilalamika Merle. "Wewe na hilo dude lako mtanitia wazimu."

"Unasemaje?"

"Nasema raha tupu!"

Namba aliyoizoea ilikuwa moja, ya ubao wa matangazo wa kwenye kompyuta uitwao Tundu la Bundi. Uliendeshwa na mtu mmoja nyumbani kwake, kwa laini moja ya simu, kwa hiyo aliweza kuingia mgeni mmoja tu kwa wakati. Unasoma walichoandika wenzako, unaacha lako, unaondoka, mwingine anaingia. Hakuna aliyeuliza mwenzake jina la ubatizo. Mwenye ubao alijiita Bundi Mweupe. Ewart alijiita Mashine ya Nne.

Siku ya kwanza tu aliandika kwa wote kwamba yeye ni kiziwi, hivyo asitokee mtu wa kumwambia ampigie simu ya kawaida. Kesho yake, akiwa anasoma jibu la mtu kuhusu magonjwa ya nyanya, skrini ilikatika katikati na herufi zikaanza kujitokeza zenyewe, moja moja. Bundi Mweupe alikuwa amekaa kwenye kibodi yake huko aliko, ameingilia.

"Karibu, Mashine ya Nne. Humu sote viziwi."

Ewart alicheka peke yake mpaka Merle akaja kuchungulia. Tangu hapo walikuwa wakizungumza karibu kila siku, kwa miaka miwili. Bundi alikuwa mtu wa masihara. Timu ya mpira ya Hallam ikifungwa, Ewart alijua kabla ya kuingia kuwa atakuta kejeli. "Timu yenu ingecheza na bibi zangu wawili na mbuzi, bado ingefungwa." Ewart alimwazia kuwa kijana wa miaka thelathini, mwenye nywele ndefu, mjanja wa mitambo. Hakuwahi kumwambia mtu hadithi ya masikio yake, lakini Bundi alimwambia. Alimwandikia yote: mashine, vifuniko, kicheko, daktari. Jina la Clarrie hakulitaja, alisema tu "msimamizi wetu, mbwa yule." Siku hiyo Bundi hakutania. Aliandika: "Pole sana, rafiki yangu," akakata.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Mchana kulikuwa na baridi kali na mji wote ulikuwa uwanjani, Hallam wakicheza na Wynyard. Merle alikuwa huko akiuza pai za nyama kwenye kibanda cha klabu. Mtaa mzima haukuwa na mtu. Ewart alikunywa chai yake, akafungua programu, akapiga.

Aliingia mara moja. Hajamaliza hata kusoma ukurasa wa kwanza, Bundi akaingilia.

"Leo mtakula saba bila," aliandika Bundi.

"Subiri jioni uone," akajibu Ewart.

Kisha herufi zikaja, polepole.

"mkono nu huikii"

Ewart alikunja uso. Laini za simu za pwani ile zilikuwa mbovu, hasa wakati wa mvua, na mara nyingi takataka zilijichanganya na maneno. Akaandika: "Laini chafu. Nikate nipige tena?"

"ijui kih"

"Unasema nini?"

"mkono nu huikii. ii kuon"

Kidole cha Ewart kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukata. Kitu kikamzuia. Takataka za laini alizijua: mabano, alama za dola, vijinyota, vitu visivyosomeka. Hizi zilikuwa herufi safi. Tena "mkono" lilikuwa limekamilika, halina kasoro. Akaangalia kibodi yake. M, K, O, N, zote kulia. Akatafuta herufi zilizokosekana. A, W, S, G, Z. Zote kushoto.

Mkono wangu hausikii. Sijui kichwa. Siwezi kuona.

Hakuwa amesikia sauti yoyote, hakuona uso wowote, lakini ilikuwa kama mtu ameanguka miguuni pake pale pale jikoni. Baba yake mwenyewe alikwenda hivyo hivyo kwa kiharusi, upande mmoja ukimsaliti mezani huku kikombe kikimwagika.

"Uko wapi? Nyumba gani?" aliandika.

"mlno" ikaja. Mlango. Kisha "n" moja. Kisha n nyingi, mstari mzima, mstari wa pili, wa tatu, kama mtu aliyelalia kibodi kwa kichwa.

Ewart alisimama kiti kikaanguka. Alikimbilia kwa jirani wa kushoto, akagonga kwa ngumi mbili, hakuna mtu. Kulia, hakuna mtu. Barabara tupu. Akarudi ndani anahema, akaitazama simu ya ukutani.

Laini ilikuwa moja. Ili apige, lazima amkate Bundi. Aliandika, "Usiende popote. Nakuitia watu," akijua huenda hakuna wa kusoma, akabonyeza. Zile n zikakoma. Taa nyekundu ikazimika. Alihisi ameuachia mkono wa mtu anayezama majini.

Akauchukua mkonga. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyoukumbuka. Alipiga namba ya dharura, na badala ya kuweka sehemu ya kusikilizia sikioni, aliibana kwa ncha za vidole. Akangoja. Ikatekenya vidole: mtu anaongea.

"Mimi ni kiziwi!" alipayuka. "Sikusikii! Usikate! Kuna mtu anakufa! Sijui jina lake, sijui anakaa wapi, najua namba yake ya simu tu!"

Akaitaja namba tarakimu kwa tarakimu. Vidole vikatekenywa tena, mara ndefu, mara fupi. Anaulizwa jambo na hajui ni nini. Akairudia. Akataja na namba yake mwenyewe, jina lake, mtaa wake. Akairudia tena. "Gari la wagonjwa! Nyumba yenye simu hiyo! Yuko peke yake!" Aliirudia mpaka koo likakwaruza, na aliporudisha mkonga mahali pake hakuwa na hakika kama alizungumza na mtu au na waya.

Merle alirudi jioni akamkuta amekaa sakafuni chini ya simu.

"Ewart! Kulikoni? Umeanguka?"

"Sijui kama wamenisikia," alisema. "Merle, sijui kama wamenisikia."

Walikuwa wamemsikia. Polisi kijana alikuja kabla ya chakula, akavua kofia, akasema taratibu ili midomo isomeke: walivunja mlango, wakamkuta bado anapumua. Yuko hospitali. Mzee wa huko Boat Harbour.

"Mzee?" Ewart aliuliza.

"Mzee hasa, bwana. Anaishi peke yake na mitambo yake."

Kesho yake Ewart alivaa koti lake la kanisani, akanunua zabibu, na Merle akaendesha gari. Alikuwa na furaha ya aibu kidogo, kama anakwenda kumposa mtu. Muuguzi alimwelekeza kitanda cha dirishani, akavuta pazia.

Ewart alimwona.

Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umeporomoka. Nywele zilikuwa zimeisha. Lakini kovu la kidevuni lilikuwa lile lile, na taya lile lile lililowafokea zamu nzima. Clarrie Targett alifungua jicho moja. Jicho likamtambua. Halikushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Ewart zaidi. Alirudi kinyumenyume, akamgonga muuguzi, akatoka na zabibu zake.

Garini Merle alimshika kidevu, akamgeuza amwangalie.

"Amekufa?"

"Ni Clarrie Targett."

"Clarrie yupi?"

"Merle, kuna Clarrie wangapi?"

Merle akaweka mkono mdomoni. Akauondoa. "Kwa hiyo umemwokoa Clarrie Targett."

"Ningejua..."

"Ungejua ungefanya nini?"

Ewart alitazama nje. Mvua ilikuwa inanyesha baharini.

Majira ya baridi yakapita. Ewart hakuifungua programu. Kompyuta ilifunikwa kitambaa, na Merle, aliyekuwa akiichukia, sasa alikuwa akipangusa vumbi lake na kumtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Mwezi wa kumi, Jumapili, bila kumwambia mtu, alifunua kitambaa akapiga ile namba. Alitegemea ikose mtu. Taa nyekundu ikawaka.

Hakusoma chochote. Aliandika moja kwa moja: "Ulijua kuwa ni mimi?"

Alingoja sana. Kisha herufi zikaja kwa taabu, moja, pumziko, moja, kama mtu anayetafuta kila kitufe kwa kidole kimoja. Lakini zilikuwa zote, za kulia na za kushoto.

"Tangu siku ya kwanza. Nani mwingine angejiita Mashine ya Nne halafu aseme hasikii?"

"Mbona hukusema?"

"Ungekata."

"Ningekata."

"Basi."

Ewart alikuwa na maneno yaliyosubiri miaka minane, akayaandika. Hayakuwa mazuri. Upande wa pili haukumkatiza. Alipomaliza, herufi zikaanza tena.

"Ewart. Humu sote viziwi, nilikuambia. Sikio la kulia lilikufa kabla ya lako. La kushoto limebaki robo. Simu ya mke wa marehemu kaka yangu nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo, sijui anasema nini. Ndiyo maana nikafungua ubao."

Ewart alisoma mara tatu. Alikumbuka jinsi Clarrie alivyokuwa akipiga kelele hata kantini, hata kanisani, na wote wakidhani ni ukali. Alitaka kubaki na hasira yake kama ilivyokuwa, nzima, na sasa mtu alikuwa ameitia ufa. Akakata bila kuaga.

Kabla mwezi haujaisha, alipiga tena. Waliongea habari za nyanya. Wakaendelea hivyo, bila kukutana uso kwa uso hata mara moja, ingawa Boat Harbour si mbali.

Rhonda alipokuja Krismasi alisimuliwa yote, akakaa mbele ya baba yake.

"Kwa hiyo umemsamehe, Baba?"

"Sijui," alisema Ewart. "Nampigia tu."

Ewart alijisogeza kwenye skrini akabonyeza. Laini ilikuwa na mtu mwingine. Akaiacha programu ipige tena na tena yenyewe, akaenda kuweka birika jikoni.