Ombi la Kristina

Jumuiya ya Mtakatifu Monika, pale Chumbageni, husali Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba. Fundi wa kuomba alikuwa Kristina. Akishafumba macho, maneno yanateremka tu, na wenzake wanaitikia, "Twakuomba utusikie."

Jumamosi ile aliombea wagonjwa, akaombea mvua, kisha akaongeza: "Tumwombee binti wa jumuiya yetu aliyerudi kutoka kwa masista na ujauzito, Bwana amsitiri aibu yake."

Binti aliyekwenda kwa masista kusomea utawa alikuwa mmoja tu, Blessing. Mama yake, Imakulata, alikuwa amekaa mkekani pale pale. Siri hiyo alimnong'oneza Kristina peke yake. Wengine waliambiwa mtoto ana vidonda vya tumbo. Imakulata naye aliitikia pamoja na wote, kwa mazoea. Ndipo macho ya watu yakamgeukia. Tangu siku hiyo Imakulata hakuja tena jumuiya.

Kristina alijitetea moyoni kwamba yeye alikuwa anasali. Lakini baada ya wiki mbili akaenda kuungama. Huko alizunguka weee, hadi padre akamkatiza kwa upole.

"Mama, siku ile ulikuwa unamwambia Mungu, au majirani?"

Akaikumbuka Jumamosi ile. Kabla hajafumba macho alikuwa ameshawaona watakavyonyoosha shingo, na ilimpa utamu.

"Majirani, padre."

Padre akamwondolea dhambi, akamwagiza aende kwa Imakulata mwenyewe. Mbele ya jumuiya asiseme kitu, asije akaitangaza siri ile mara ya pili.

Alimkuta uani anakuna nazi. Kiti hakupewa. Akapiga magoti mchangani, na miaka yake hamsini na sita, akasema yote, hata ule utamu.

Imakulata hakuacha kukuna. "Nimekusamehe, shoga yangu. Nisipokusamehe, Baba Yetu nitaisali vipi? Lakini niliitikia, Kristina. Mdomo uliitikia kabla sijaelewa ni mwanangu anayeanikwa. Hilo linanichoma mpaka leo. Kwangu utakuja, ila siri zangu sasa ni zangu na Bikira Maria."

Kristina akatikisa kichwa kukubali. Mara Blessing akatoka jikoni, tumbo limeshaonekana, akamwinamia kama alivyofunzwa tangu utotoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

Kristina aliitafuta marahaba, isimtoke. Akabaki anatazama mchanga, na yule binti bado ameinama, anasubiri kuitikiwa.