Vumbi la Njano Shambani kwa 'Mamotena

'Mamotena Lekhooa hakuwa mtu wa hasira. Hasira hizi ni zangu mimi, jirani yake wa miaka ishirini, na hadi leo hazijaniisha.

Bangi yake aliachiwa na mama yake, naye mama aliachiwa na bibi: majani membamba, inakomaa kabla theluji ya milima yetu haijashuka. Watu wa mabonde mawili walimtegemea yeye kwa mbegu. Msimu wa maua alipita kila asubuhi mstari kwa mstari, aking'oa madume, yaani mimea ya kutoa chavua, kabla hayajafunguka, akibakiza matatu tu ya kuzalishia, aliyoyachagua mwenyewe. Ukitoka shamba la mtu mwingine, blanketi ulilojitanda unaliacha kwenye ukuta wa mawe lisiingize chavua ya nje, unanawa, ndipo unaingia. Mwaka uliotangulia kisa hiki mvua ya mawe ilimmaliza. Alibaki na mbegu za kiganja kimoja, akazipanda zote.

Shemeji yake, Sekhonyana, akaja na mbegu za kununua kutoka Durban, akazipanda shambani kwake, mimea minene ya kujisifia. Aliapa kwamba atang'oa madume yake. Hakung'oa hata moja, mvivu yule.

Siku ya palizi ya pamoja alitoka shambani kwake moja kwa moja, akapita ukuta na blanketi mabegani, mpaka katikati ya majike yaliyochanua. 'Mamotena akamwambia kwa upole alivue, akaliache nje. Na yeye, anayelitunza blanketi lile kuliko mkewe, akalivua palepale, akalikung'uta vizuri mara tatu kabla ya kulikunja. Vumbi la njano likapanda, upepo ukalitawanya shamba zima.

Tulikimbilia ndoo, kwa sababu chavua ikilowa inakufa. Tuliimwagia mimea maji mpaka mikono ikafa ganzi, lakini nani angejua ni ua lipi limeshashika chavua yake?

"Shemeji, si kavumbi tu?" Sekhonyana akasema. "Tena zangu zina nguvu. Zikichanganyika utanishukuru."

'Mamotena alishika mmea wa kwanza, akaung'oa. Binti yake akamshika mkono huku analia, akimsihi abakize hata mstari mmoja, huenda uko salama.

"Huenda?" 'Mamotena akasema. "Watu wakija kuniomba mbegu ya mama, mwanangu, niwape huenda?"

Aling'oa yote. Na Sekhonyana, nasema haya hata mbele yake, alikaa juu ya ukuta akauliza kama pombe ya palizi bado ipo.