Pedi Yenye Alama za Meno

Fundi cherehani wetu ana chumba kizima cha mashine za gemu alizozikusanya tangu utotoni, na kila moja ameishonea koti lake la kitambaa, lenye vifungo. Ukitaka kushika, anakutazama mikono: "Umenawa?" Hata mkewe hunawa. Kila Jumapili huzivua makoti moja moja, akizisugua kwa mswaki na kuzisemesha kama watoto wanaoogeshwa: "Tulia, bado sikio." Pedi moja tu ya kuchezea gemu, ya kijivu yenye vitufe, haigusi kwa mswaki. Ina alama za meno pembeni, na wakusanyaji wenzake wamechoka kumshauri abadilishe ganda.

Juzi alikuja dada yake mkubwa, ambaye macho yake yamezimika mwaka huu. Fundi alimkalisha katikati ya chumba. Maisha yake yote yalikuwa pale kwenye rafu, na dada haoni. Akamwekea ile pedi mikononi, bila kuuliza habari za kunawa. Dada akaipapasa, kidole kikafika kwenye zile alama, kikasimama.

"Mwizi wewe! Siku ile ilikuwa zamu yangu."

"Ndiyo maana ukaitafuna?"

"Ningekutafuna wewe, mama angenichapa."

"Basi zamu yako hii," fundi akasema. Akawasha mashine, akakaa sakafuni kama zamani, akawa macho yake. "Kimbia, dada... shimo hilo, ruka! Ruka!" Dada akaruka, lakini akachelewa. Mlio wa kushindwa ukalia, na fundi akacheka mpaka machozi, maana dada alikuwa ameshaipeleka pedi mdomoni.