Birika Lililopoza Fyuzi

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa karakana yetu hapa Eldoret alinikabidhi koleo, akaniangalia kutoka kichwani hadi viatuni. "Msomi wa jioni, hapa hatuli vyeti." Nilikuwa nimetoka tu darasa la usiku la umeme, kichwa kimejaa saketi hadi kofia hainitoshi.

Enzi hizo fyuzi ilikuwa ya kioo. Umeme ukizidi, uzi wa ndani unakatika, bodi inapona, unatafuta fyuzi nyingine. Wasio na subira walifunga waya badala yake, na redio zikanuka kama nyama choma. Halafu ikaja fyuzi mpya, kidude cha manjano, kidogo kuliko punje ya mahindi, kinachokata chenyewe na kujirudisha chenyewe. Nilikipenda karibu nikioe.

Siku moja tuliitwa mji wa Burnt Forest, kwenye ushirika wa maziwa. Kidhibiti cha tangi la kupozea kilikuwa kimekufa, na humo mlikuwa na maziwa ya wakulima wa milima yote. Yalikuwa mengi, ungeogelea hadi mji wa Turbo. Yakichacha, lori la kiwanda lingeyakataa.

"Fundi, funga waya tu!" Mama Meneja alilia.

"Mama, nikifunga waya utauza majivu," Fundi Mkuu alimjibu, akafungua mfuniko wa tangi ayanuse maziwa. Bado yalikuwa mazima.

"Basi mnywe chai kwanza," Mama akasema. " Hapa fundi hagusi kitu na koo kavu."

Soketi ilikuwa moja tu. Mama akachomoa plagi ya kidhibiti, akachomeka birika.

Tulipomaliza chai, Mama alirudisha plagi ya kidhibiti. Taa ikawaka! Mama akapiga vigelegele, akafunga mfuniko. Taa ikazimika.

Fundi Mkuu alicheka hadi kofia ikaanguka. "Msomi, umeona?"

Niliona. Fyuzi ya kidhibiti kile ilikuwa kidude changu cha manjano, na ndani yake kuna plastiki yenye chembe za kaboni. Umeme ukizidi, plastiki inapata moto, inavimba, chembe zinaachana, njia ya umeme inafungwa. Ukiacha plagi ukutani, umeme kidogo unaopenya unakifanya kibaki moto, hata usubiri mwaka. Ukichomoa, kinapoa, chembe zinashikana tena. Birika ndilo lililokipa nafasi ya kupoa. Mfuniko nao ulikuwa ukibana waya wa kipimajoto na kuleta shoti.

Tulibadilisha waya, tukaupitisha kando, tukachomoa plagi, tukangoja. Tangi liliponguruma, nadhani hata Kaptagat walisikia. Lori lilibeba maziwa yote.

Nilifanya kazi hiyo hadi miwani ikawa nzito kuliko koleo. Nilipostaafu, Mama Meneja alikuja nyumbani na maziwa mala, na birika lilelile. Alinikuta nimeinama juu ya redio ya jirani, jasho tele.

"Mzee, si umestaafu?"

"Dakika moja tu, Mama."

Alitazama ukutani, akaona soketi ni moja. Akachomoa redio, akachomeka birika.

"Kaa chini," akasema. "Na wewe upoe kwanza."