Umuganda Ufukweni

Mama mkwe wangu, kabla hajawa mama mkwe, alikataa kuleta posa. Aliisema sababu yake wazi kwenye simu kutoka Unguja, nami nimekaa kando ya mwanawe nasikia kila neno: "Sipeleki posa kwa watu nisiowajua, tena bara kote huko!" Mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi moja pale Kicukiro, Kigali, alipunguza sauti ya simu haraka. Alikuwa amechelewa.

Nilipofika nyumbani Rwezamenyo nilidhani mama yangu atanuna. Hakununa.

"Hatujui? Basi twende atujue," alisema. "Basi iko, njia iko."

Nikamkumbusha kwamba mwanamke hajipeleki kwa wakwe kabla ya posa, na kwamba watu watatucheka. Akasema anayecheka ana meno yake, mwache ayatumie.

Tukaenda, watatu: mama, mimi na mchumba wangu. Basi hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja, kisha upande wa mashariki wa kisiwa, kwenye nyumba iliyotazamana na bahari. Mwenyeji wetu, mama yake mwenzangu, alitupokea kwa pilau, samaki wa nazi, halua na kahawa, kwa adabu isiyo na dosari, na adabu ile ndiyo iliyonitia hofu. Alimwita mama yangu "mgeni" asubuhi, mchana na jioni.

Hata hivyo, siku mbili za kwanza karibu nisahau kilichotupeleka. Maji yakitoka, bahari inarudi nyuma mpaka mawimbi unayaona kwa mbali tu, na mbele yako unabaki uwanja wa mchanga mweupe wenye vidimbwi vya maji ya uvuguvugu. Mwenzangu alinionyesha viti vya pweza, vile vinyama vyekundu vyenye ncha tano, na kaa wadogo wanaokimbia upandeupande kama watu waliochelewa sala. Nilicheka ovyo, nililowa, nilichomwa na jua, na nilipenda kila kitu. Mama alitufuata nyuma, hakubali maji yampite vifundo vya miguu, akiuliza kila tunapoinama, "Hii inakuliwa?" Nikimwambia hailiwi, anakitazama kiumbe kile kwa huruma.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mtu wa Kigali ameshaelewa. Asubuhi hiyo kwetu maduka yanafungwa na kila mtu anatoka na jembe na fagio kusafisha mtaa. Ndiyo umuganda, na sikumbuki mama akiukosa. Nilipoamka kitanda chake kilikuwa kitupu. Nilimkuta ufukweni, amejifunga kanga kiunoni, ana fagio la chelewa la mwenyeji na jembe, na ameshachimba shimo.

"Angalia majani ya bahari imejaa mbele ya nyumba ya watu!" alisema. "Aibu gani hii? Wewe chukua ile upande."

Nami, Mungu anisamehe, nikachukua upande ule. Yalikuwa majani laini yenye rangi ya zambarau na kahawia, yametandazwa juu ya makuti. Ningekuwa na akili ningejiuliza ni takataka gani hizo zinazotandikiwa makuti. Tulizoa yote, tukafukia, tukafagia mpaka mchanga ukabaki na michirizi ya fagio. Mama akasimama kuitazama kazi yake, ameridhika kabisa.

Mwenyeji akatoka na pakacha mkononi.

"Mwani wangu uko wapi?"

Mwani ni zao lao. Wanawake wanaupanda baharini kwenye kamba, wanauvuna, wanauanika, ndipo unauzwa. Tulikuwa tumezika mavuno yake yote ya bamvua lile, siku ambazo maji hutoka mbali na mwani huvunwa. Mwenzangu alitokeza mlangoni na mswaki mdomoni, akaona fagio, akaona shimo, akarudi ndani. Mimi nilijua posa yangu imezikwa mle mle, na machozi yakanilenga.

Mama aliniuliza kwa Kinyarwanda mwani ni nini. Nikamwambia, "Ni shamba lake."

"Mana yanjye!" akamwita Mungu wake, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono, jembe asilitake kwa kuogopa kuukata. "Mama, unisamehe. Mimi nilifikiri iko takataka. Nilitaka kwako ikuwe safi tu."

Akaujaza mwani kwenye kanga, akaingia nao baharini kuusuuza mchanga. Maji yakampita magoti, yakampita kiuno, na hakuyatazama. Mwenyeji alisimama na pakacha lake. Mwishowe akapandisha nguo, akamfuata.

"Sivyo, utaukata. Ushike hapa chini."

Walisuuza wote wawili, mimi nikianika upya. Maji yalipotoka, mwenyeji alikwenda kwenye kamba zake kufunga mbegu mpya, na mama, bila kualikwa, akaenda naye. Nikawafuata. Walichuchumaa upande huu na ule wa kamba moja, na mama alifunga vizuri tangu mara ya kwanza.

"Kwetu maharage inapanda kwa mti," alieleza. "Hii inapanda kwa kamba. Ni kitu moja."

Mwenyeji akalivuta fundo la mama kulijaribu.

"Hivi huko kwenu mtu huamka tu akafagia kwa mwenziwe?"

"Kila mwezi."

"Hata kwa mtu asiyekupenda?"

Mama alimalizia fundo lake kwanza. "Kwa huyo ndiyo tunaanza."

Yule mama alicheka mpaka akakishika kijiti cha kamba asianguke. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Mama naye akaangua kicheko, na wanawake wa kamba za jirani, ambao hawakusikia lolote, wakacheka kwa kuwaona hao wawili.

Mwenzangu alikuwa anakuja taratibu juu ya mchanga, amebeba chupa ya chai kama mtu anayekwenda kuomba radhi. Mama yake hakungoja afike.

"Rudi!" alimpigia kelele. "Kamwambie ami yako atafute kanzu safi. Posa inakwenda Kigali."

Nilikaa chini palepale majini, na gauni langu.