Mteja Wangu wa Mazoezi

Tangu nitoke Mbalizi kuja Iringa kusomea ushauri nasaha, chumbani kwangu Kihesa naongea na redio tu. Juzi darasani tulifanya mazoezi: mimi nikiwa mshauri, mwanafunzi mwenzangu Neema akiwa mteja. Mwalimu alinionya nisikilize tu, mambo yangu niyaache nje.

Neema akainamisha kichwa. "Tangu nije hapa sina rafiki. Jumapili nakula peke yangu."

Sauti ilimtetemeka, nikaamini anasema ya kwake. Nadharia zote zikanitoka. Nikamshika mikono, machozi yakinilenga.

"Hata mimi, Neema! Jumapili njoo kwangu, nitapika ndizi."

Darasa zima likaangua kicheko. Neema peke yake hakucheka. Akaninong'oneza, "Pole, mwenzangu. Mimi nilikuwa naigiza."