Sikio Kwenye Mdomo wa Tenki

Gari langu lilikuwa bovu, na nilikatazwa kulitengeneza. Aliyenikataza ni mama yangu mzazi, kwa simu, kutoka nyumbani Ipogolo. "Usiwape tena hao mafundi wenu wa Mbeya," alisema. "Lilete hivyo hivyo. Baba yako akisikia injini inaumwa, labda atarudi."

Atarudi kutoka wapi, wakati mzee yupo pale pale kibarazani, amevaa koti lake, anaangalia barabara? Lakini nilimwelewa. Baba alikuwa fundi magari maisha yake yote, gereji yake ilikuwa uani kwetu, na sasa akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Alisahau kwanza spana kaziweka wapi. Akasahau njia ya kanisani. Halafu akaanza kusahau watu. Mdogo wake wa tumbo moja alikuja kumsalimia, akaulizwa ametokea mkoa gani. Mimi sikuwa nimefika nyumbani tangu aanze kusahau watu, kwa hiyo zamu yangu ilikuwa bado. Niliiogopa zamu hiyo kuliko kifo, nasema ukweli.

Naishi Ilomba. Nanunua mpunga Madibira, nakoboa, nauza mchele mjini Mbeya, na mkono wangu wa kulia ni pikapu ya zamani. Ugonjwa wake ulikuwa hivi: kwenye tambarare ya Usangu inakwenda bila neno, ikiona mlima tu, basi. Unakanyaga mafuta, inakohoa. Unazidi kukanyaga, inazidi kufa. Mafundi wa Ilomba walibadilisha plagi. Wakabadilisha koili. Mmoja akaniambia nikaombewe, mimi na gari langu. Ebo! Hakuna hata mmoja aliyepima presha ya mafuta, na mimi binti wa fundi, niliyelelewa kwenye harufu ya grisi, nilishahisi tatizo liko hapo. Nilinyamaza kwa ajili ya mama.

Basi nikaondoka asubuhi na gunia moja la mchele nyuma. Mpaka Igawa nilikuwa naimba. Barabara ilipoanza kupanda kuelekea Makambako, wimbo ukaisha. Malori yenye matela, yaliyosheheni, yalinipita yakinipigia honi, mimi mwenye gunia moja! Niliitukana ile pikapu matusi ambayo mtoto wa mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Kisha nikaiomba msamaha, maana niliihitaji ifike, tena ifike ikiwa mgonjwa.

Ilifika. Baba alisimama kabla sijazima injini, akainamisha kichwa upande, akisikiliza. Nikashuka mbio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kamwene, dada. Karibu. Lisogeze kivulini tulione."

Dada. Mimi nimerithi jina la mama yake, na tangu nizaliwe baba hajawahi kuniita kitu kingine zaidi ya "mama". Nilimtazama mama yangu, aliyesimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi. Akanifanyia ishara ya mkono: tulia, mwache afanye kazi.

Nikasogeza gari kivulini. Baba akafungua kifuniko cha tenki, akaweka sikio lake kwenye mdomo wa tenki kama alivyofanya siku zote, akagonga bodi kwa kifundo cha kidole, mara moja.

Nikawasha swichi bila kupiga stata.

Hiyo ilikuwa kazi yangu utotoni. Yeye sikio kwenye tenki, mimi kwenye ufunguo. Akigonga mara moja, washa. Akigonga mara mbili, zima. Hatukuwa tunasemeshana, maana alitaka kusikia pampu inavyovuma kule ndani: ikivuma kwa sauti nyembamba ni nzima, ikivuta sauti kama mtu anayekokota miguu, inakufa. Akagonga mara mbili. Nikazima. Akagonga tena. Nikawasha.

Akanyanyua kichwa. "Umefundishwa na nani, dada?"

"Na baba yangu."

"Huyo ni fundi," akasema, akaenda kutafuta geji ya presha.

Aliipata mwenyewe, tena kwenye boksi ambalo mama anasema mzee hakuligusa tangu masika. Akafungua mpira wa mafuta taratibu, kitambaa juu yake ili petroli isiruke, akafunga geji. Tukawasha injini. Ikiwa imetulia, mshale ulisimama mahali pa kuridhisha. Akanionyesha kwa kidole nikanyage. Nikakanyaga, mshale ukashuka, na injini ikakohoa kama ilivyokohoa mlimani. Akachukua koleo, akalizungushia kitambaa, akaubana mpira unaorudisha mafuta kwenye tenki. Mshale haukupanda, na ungepanda kama reguleta ndiyo iliyokuwa inarudisha mafuta mengi mno. "Reguleta haina kosa," akasema. Akazima, akafungua filta, akaipuliza kwa mdomo, hewa ikapita. "Na hii haina kosa. Ni pampu. Haina nguvu ya kusukuma."

Mama alikuwa ameacha jikoni, amekaa kwenye ngazi, anafuta macho kwa kanga. Na mimi, mjinga mimi, niliamini. Niliona mikono ile haijakosea hata kitu kimoja, nikajiambia mwenye mikono yupo, anakuja nyuma yake.

Baba akagonga tenki kwa kiganja. Likalia debe tupu. Akakunja uso.

"Mafuta unaweka vipi?"

Sasa hapo ni lazima niseme jinsi tunavyoishi Ilomba. Ukijaza tenki, usiku watu wananyonya kwa mpira, na mchana ndugu wanakuja kuazima gari la kupeleka mgonjwa ambaye haumwi. Kwa hiyo sisi wote tunadonoa, mafuta ya leo kwa safari ya leo, taa ya mafuta inawaka mwaka mzima. Lakini pampu imekaa ndani ya tenki, inapozwa na petroli yenyewe. Tenki likikaa tupu inaungua polepole. Baba alinikataza hilo tangu siku niliponunua gari. Asiyesikia la mkuu, mwajua mwisho wake.

"Nadonoa tu, baba," nikasema.

"Unaendesha kwa harufu!" akafoka.

Hayo ni maneno yake kwangu. Kila nikija nyumbani na tenki tupu ananifokea hivyo hivyo. Mama alisema, "Ee Bwana!" na mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, nikamshika baba mkono uliojaa petroli.

"Ndiyo, baba. Ulinikataza. Nisamehe."

Akautazama mkono wangu, kisha akautoa wake kwa adabu, kama mtu anayejitoa kwa mgeni.

"Niliyemkataza ni binti yangu," akasema. "Yuko Mbeya, anauza mchele. Yule hawezi kufanya ujinga huu, nilimfundisha mwenyewe." Akapanga vifaa vyake kwenye boksi, kimoja baada ya kingine. "Anakuja leo, mama yake kaniambia. Kwa hiyo nakuomba, dada, ulitoe gari hapa kivulini. Nafasi hii ni ya kwake."

Mama akafungua mdomo. Nikamfanyia ishara ile ile aliyonifanyia mimi.

Nikaingia kwenye pikapu, nikairudisha nyuma, nikaiegesha nje juani, kando ya barabara. Niliporudi, baba alikuwa ameshakaa kibarazani, anaangalia upande wa Mbeya.

"Si atachelewa?" akaniuliza.